Mgeni Njoo, Lakini Usituzimie Stima



Nina saiba ndogo upande wa kusini wa Ziwa Naivasha. Kompyuta nne, printa moja, na benchi la wateja pale nje. Wateja wangu ni watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, watu wa boda na akina mama wa soko. Wanaleta fomu za kazi, fomu za ushuru, barua za chifu.

Jioni moja alikuja msichana aliyemaliza kidato cha nne, anajaza fomu ya mkopo wa chuo. Ilikuwa siku ya mwisho. Saa moja na nusu, akiwa amebakisha ukurasa mmoja, stima ikapotea. Mtaa mzima giza. Tukangoja na tochi ya simu: nusu saa, saa nzima, saa moja na nusu. Mwishowe alipanda boda akaenda mjini kutafuta mahali penye jenereta. Mia mbili kwenda na kurudi, kwa kazi ambayo kwangu ingekuwa hamsini. Alifanikiwa, saa tano na kitu usiku. Wengine wangapi hawakufanikiwa? Sijui, kwa sababu wao hakuna anayewahesabu.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Asubuhi yake, nikisimama nje ya saiba hiyo hiyo, naona mvuke mweupe wa Olkaria ukipanda angani. Tunakaa jirani na chungu kinachopika stima ya nchi, na sisi ndio tunaolala njaa.

Naanza hapa kwa sababu kuna mradi unaotuhusu na tunaambiwa habari zake kwa lugha ya sherehe tu. Hebu tuuzungumze kwa lugha ya saa moja na nusu jioni.

Tuliambiwa nini

Wiki ile Rais Ruto alipokuwa ziarani Washington, Mei 2024, Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa ajili ya Kenya. G42 ni kampuni ya Abu Dhabi iliyoanzishwa mwaka 2018, ikakua kwa kasi ya ajabu, na mwezi mmoja tu kabla ya tangazo hilo Microsoft ilikuwa imeitilia dola bilioni 1.5. Nguzo ya mpango wenyewe ni kituo cha data hapa Olkaria, kitakachotumia stima ya mvuke wa ardhini na kuwa makao ya huduma za wingu za Microsoft kwa Afrika Mashariki yote. Mapema mwaka huo huo, G42 na kampuni ya EcoCloud zilikuwa zimeshataja ukubwa wake: megawati 100 kwa kuanzia, halafu kupanuka hadi gigawati 1. Yaani megawati 1,000.

Kuhusu muda, tuliambiwa huduma zitaanza ndani ya miezi 24 baada ya mikataba kamili kusainiwa. Soma tena hapo: *baada ya mikataba kusainiwa*. Mikataba yenyewe, mimi na wewe tutakaokaa gizani au kwenye mwanga kwa sababu yake, hatujaonyeshwa.

Na sasa kila mkubwa anayepanda jukwaani anaimba wimbo mmoja: Kenya itakuwa kitovu cha akili mnemba Afrika. Ukiuliza stima itatoka wapi, unaambiwa wewe ni adui wa maendeleo. Haya basi, wacha adui aulize.

Wingu linakaa ardhini

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi tunasikia "wingu" tukidhani ni kitu kinachoelea. Wingu ni jengo. Ndani yake kuna makabati ya chuma, na kila kabati limejaa seva zinazofanya kazi usiku na mchana. Stima yote inayoingia kwenye seva hutoka kama joto, kwa hiyo lazima uwe na mitambo ya kupoza. Hizi seva za AI ndizo zenye njaa zaidi: kabati moja linaweza kula stima ya nyumba nyingi kwa wakati mmoja.

Halafu kuna sharti la biashara yenyewe. Mteja wa wingu analipia ahadi kwamba halitazimika hata dakika. Ndiyo maana kituo hujengwa na njia mbili za stima, betri za kushika pengo, na jenereta za dizeli nyuma ya jengo. Kila kitu kimepangwa ili giza lisiingie.

Kampuni inayokua haraka hujengaje? Haijengi jumba kubwa likakaa tupu. Inachukua ardhi kubwa, inajenga ukumbi mmoja, ukijaa unafuata wa pili, kisha wa tatu. Pesa hutoka kidogo kidogo kadiri wateja wanavyoongezeka. Kwa mwenye kampuni hiyo ni akili nzuri kabisa. Mimi mwenyewe nilianza na kompyuta moja.

Lakini vitu fulani haviwezi kuja kidogo kidogo. Laini kubwa ya stima huwekwa mapema. Ardhi hufungwa mapema. Na la muhimu kuliko yote, haki ya kupewa stima ya kesho hutafutwa leo, kwa sababu hakuna mwekezaji atakayejenga ukumbi wa kwanza bila kujua kama wa kumi utapata umeme. Kwa hiyo tukiambiwa "tunaanza na megawati 100 tu," swali letu liwe: na hizo 900 zingine, nani ameahidiwa, kwa bei gani, na zitatoka kwa nani?

Hesabu ya darasa la saba

Chukua kalamu. Megawati 100 zikitumika mfululizo ni uniti milioni 2.4 kwa siku. Kwa mwaka ni uniti milioni 876. Stima yote inayouzwa Kenya kwa mwaka, kuanzia viwanda vya Athi River hadi balbu ya nyanya yako, ni kama uniti bilioni 11. Yaani hiyo awamu ndogo ya kwanza peke yake inaweza kula karibu asilimia 8 ya stima ya taifa. Sema haitatumia zote, itatumia asilimia 70. Bado ni mlaji mmoja, kwa anwani moja.

Sasa panua hadi megawati 1,000. Mwaka 2025 Kenya ilivunja rekodi yake kwa kupita megawati 2,300 saa ya matumizi makubwa, nchi nzima ikiwa imewasha kila kitu. Mteja mmoja wa megawati 1,000 ni zaidi ya asilimia 40 ya hapo. Na mitambo yote ya mvuke ya nchi hii tukiijumlisha, tangu mtambo wa kwanza wa Olkaria ulipowashwa mwaka 1981, haijafika megawati 1,000. Zaidi ya miaka arobaini ya kuchimba, kukopa na kulipa haijafikisha kile ambacho kampuni moja inataka iwe nacho.

Kwani stima tuliyonayo inatosha? Agosti 2023 nchi ilizimika, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Novemba ikazimika tena. Desemba tena. Mwaka 2024, Mei na Septemba, sehemu kubwa za nchi zikaonja tena. Tunanunua megawati 200 kutoka Ethiopia. Rais mwenyewe amekiri hadharani kwamba saa za jioni kuna maeneo yanakatiwa stima ili mengine yapate. Si maneno ya upinzani hayo.

Basi weka mambo mawili pamoja. Upande huu kuna gridi ambayo jioni haitoshi. Upande ule kuna mteja mkubwa ambaye biashara yake haitaki azimwe kamwe. Stima ikipungua saa moja na nusu jioni, nani anazimwa? Si lazima uwe injinia kujibu. Anazimwa asiye na mkataba: yule msichana na fomu yake, kinyozi, mama wa samaki mwenye friji, zahanati ya kijijini.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Hatupingi kituo cha data. Tunapinga kituo cha data ambacho foleni ya kukatiwa stima imeandikwa gizani.

"Lakini usiku mvuke unamwagwa bure"

Hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote za upande wa pili, na tusiikwepe. Ni kweli. Kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri nchi inalala, matumizi yanashuka sana, na visima vya mvuke huwezi kuvifunga kama bomba la jikoni. Mvuke mwingine huachiliwa hewani. Ni mali ya umma inayopotea, kwa sababu KenGen ni ya serikali kwa asilimia 70, na visima vingi vimechimbwa kwa mikopo ambayo ushuru wetu unalipa. Mteja wa kununua stima hiyo ya usiku ni baraka.

Vizuri. Basi auziwe ya usiku! Mkataba useme hivyo: usiku chukua ushibe, jioni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne punguza.

Utaambiwa haiwezekani, kompyuta hazingoji. Uongo. Kuna kazi za kompyuta zisizongoja, kama malipo ya M-Pesa au mtu anayetafuta ramani. Lakini kufundisha mtambo wa AI ni kazi ya wiki na miezi. Ukiisimamisha saa nne kila jioni haitakufa. Agosti 2025 Google yenyewe ilitangaza makubaliano na mashirika mawili ya umeme kule Marekani, moja la Indiana na lingine la Tennessee, kwamba itapunguza kazi zake za AI wakati gridi imebanwa. Kama Indiana wanapunguziwa mzigo, Naivasha tumekosa nini? Hatujakosa teknolojia, ila tumekosa mtu wa kukaa upande wetu wa meza.

Na tuangalie Ireland, nchi ndogo iliyofungulia milango makampuni haya kabla yetu. Mwaka 2015 vituo vya data vilikuwa vinatumia asilimia 5 ya umeme wao. Mwaka 2024 vilifika asilimia 22. Ikabidi mwaka 2021 msimamizi wa nishati aweke masharti: anayetaka kuunganishwa aangaliwe yuko wapi, kama atakuja na mitambo yake ya kuzalisha, na kama anaweza kupunguza matumizi gridi ikilemewa. Pale Dublin, maombi mapya yakakwama. Hiyo ni nchi tajiri, yenye gridi imara kuliko yetu, na bado walishtuka wakiwa wamechelewa. Sisi tuna bahati moja tu, kwamba hatujachelewa.

"Vijana mtapata kazi"

Hapa tusidanganyane. Wakati wa ujenzi kazi zitakuwepo: mawe, vyuma, mabomba, nyaya. Zikiisha, kituo cha data ni moja ya majengo yenye watu wachache kuliko yote kwa kila shilingi iliyowekwa. Walinzi, mafundi wa umeme na wa kupoza, wahandisi wachache. Shamba moja la maua hapa kwetu linaajiri watu wengi kuliko ukumbi mzima wa seva. Si tusi, ndivyo biashara yenyewe ilivyo.

Na AI tunaijua, isiwe tunaambiwa kama wageni. Vijana wa Nairobi ndio waliokaa miezi wakisoma uchafu wa dunia ili mitambo hii ijifunze adabu. Januari 2023 gazeti la Time lilifichua kwamba waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa ajili ya OpenAI walikuwa wanapokea chini ya dola 2 kwa saa. Wasafishaji wa maudhui ya Facebook walikwenda mahakamani hapa Nairobi kudai haki yao. Jasho letu limeshaingia kwenye mitambo hii. Mara hii wanataka mvuke na ardhi pia.

Faida ya kweli ya kituo cha data haipo kwenye ajira za getini. Ipo kwa wanaokitumia. Mei 12, 2024, siku kumi kabla ya tangazo la Washington, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Intaneti ikawa ya kutambaa kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam. Huduma zetu nyingi zinaishi kwenye seva za nje, waya ukikatika baharini unashindwa kufungua kitu cha jirani yako. Seva zikiwa hapa nyumbani, mambo yanakwenda haraka na kwa uhakika zaidi. Daktari wa Lodwar, mwanafunzi wa Maseno, kijana anayeunda programu pale Kisumu, wote wangefaidi. Kwa hiyo ndiyo, tunavitaka vituo hivi. Lakini faida hiyo haiji yenyewe. Usipoandika kwamba vyuo vyetu na kampuni zetu changa zitapata nafasi ya kompyuta kwa bei wanayoiweza, jengo litakuwa Olkaria na matumizi yake yatakuwa kwingine, kama lori la maua linalopita mtaani kwetu usiku kwenda uwanja wa ndege.

Na usidanganyike na lile la "data yenu itakaa nyumbani, itakuwa salama". Tangu 2018 Marekani ina sheria, wanaiita CLOUD Act, inayoruhusu vyombo vyake kuidai kampuni ya Marekani data iliyo mikononi mwake, hata ikiwa imehifadhiwa nchi nyingine. Jengo kuwa Olkaria hakukupi funguo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, basi mkataba useme waziwazi itaheshimiwa vipi, na data gani ya serikali haitawekwa humo kabisa.

Olkaria ina kumbukumbu

Wanaokuja na ramani mpya wakumbuke kwamba ardhi hii si tupu. Mwaka 2014, kupisha mtambo wa Olkaria IV, familia za Wamaasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa. Waliahidiwa nyumba, barabara, hati za ardhi. Wakaishia kuandika malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilizofadhili mradi. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilichunguza, na ripoti yake ya 2015 ilikuta kasoro katika namna watu walivyoshauriwa na katika namna walivyosaidiwa kujenga maisha upya. Ikabidi waje wasuluhishi.

Funzo ni lipi? Wazee wale walikuwa na haki yao, lakini walianza kuidai mradi ukiwa umeshasimama. Sisi tuanze kabla.

Na kuna la maji. Ziwa Naivasha tunaligawana wavuvi, mashamba ya maua, wanyama, mji unaofura kila mwaka, na wachimba visima vya mvuke. Kupoza seva kunaweza kula maji mengi au machache sana, inategemea mtambo uliochaguliwa. Wenye mradi wamesema watatumia teknolojia ya kuhifadhi maji. Sawa, lita ngapi? Kule The Dalles, mji mdogo wa jimbo la Oregon, wakazi waliuliza vituo vya Google vinatumia maji kiasi gani. Mji ukaenda mahakamani kulizuia gazeti lisipewe takwimu, ati ni siri ya biashara. Mwishoni mwa 2022 ukasalimu amri, na ikajulikana kwamba zaidi ya robo ya maji ya mji mzima yalikuwa yanaenda kwa kampuni moja. Ukiona kitu kinafichwa kwa wakili, jua kina uzito.

Nani analipa, nani anasamehewa

Wiki zile zile ambazo viongozi walikuwa wanapiga picha Washington, Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa bungeni ukitaka ushuru mpya kwenye simu na kompyuta, kwa jina la mazingira. Kijana anayenunua laptopu ya mitumba alipe zaidi ili mazingira yapone! Tunajua ulivyoisha. Juni 25 tulitoka, wenzetu wakafa, intaneti ikazorota siku hiyo hiyo, na kesho yake mswada ukaondolewa.

Linganisha na mwekezaji anayeingia eneo maalum la kiuchumi. Sheria ya 2015 inampa ushuru wa faida wa asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza, na 15 kwa kumi inayofuata, wakati kampuni ya kawaida ya Mkenya inalipa 30. Sisemi motisha ni haramu. Nasema kwamba mwekezaji akipewa punguzo la ushuru, na punguzo la stima, na ardhi, na laini ya umeme ya umma mpaka mlangoni, basi tuonyeshwe tumetoa kiasi gani na tunarudishiwa nini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na tusisahau Konza. Jiwe la msingi liliwekwa Januari 2013, ekari 5,000, tukaahidiwa mji wa teknolojia utakaofuta umaskini. Aliyekuwa kidato cha kwanza mwaka ule leo ana watoto. Kuna majengo, na kuna kituo cha data cha serikali kilichojengwa kwa mkopo wa China. Lakini zile ajira tulizohubiriwa, nani wa mtaani kwako anafanya kazi Konza? Ahadi bila tarehe na bila jina la mhusika ni porojo.

Tunataka mambo matano

Wasije kusema vijana wanalalamika bila mpango. Mpango huu hapa.

Kwanza, mkataba wa kuuza stima uwekwe wazi: bei, saa na muda. Stima ni ya umma, siri ya nini?

Pili, foleni ya kukatiwa iandikwe. Gridi ikibanwa jioni, kituo cha data kipunguze kwanza kazi zinazoweza kungoja, kabla mtaa wowote haujazimwa. Na kipimo cha kupunguza kitangazwe kila mwezi.

Tatu, kila awamu ijitegemee. Kutoka megawati 100 kwenda 200 isiwe haki iliyosainiwa leo. Iombwe upya, na kila megawati ya kupanuka itoke kwenye kisima kipya alichokigharimia mwekezaji, si kwenye stima inayowasha nyumba zetu leo.

Nne, maji yahesabiwe na hesabu itangazwe. Lita kwa mwezi, kutoka chanzo gani.

Tano, mgao wa wenyeji. Sheria ya Nishati ya 2019 inasema mrabaha wa mvuke ugawanywe: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya pale pale. Hiyo 5 ionekane kwenye zahanati na shule za Olkaria na Naivasha, na juu yake sehemu ya uwezo wa kompyuta itengwe kwa vyuo na kampuni changa za hapa.

Hakuna hata moja hapo inayomfukuza mwekezaji. Kampuni hizi zinasaini masharti makali kuliko haya kwao. Likija hapa tukawa tunaomba kwa kunong'ona, hilo ni kosa letu.

Sasa wewe utafanya nini

Usibonyeze moyo tu ukapita. Katiba, Kifungu cha 35, inakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili. Andika barua fupi kwa Wizara ya Nishati, na nakala kwa EPRA, ambao ndio wanaopitisha bei ya stima:

"Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba naomba: moja, nakala ya mkataba wowote wa kuuza stima au mvuke kwa kituo cha data cha Olkaria. Mbili, kiasi cha megawati kilichotengewa awamu zijazo. Tatu, utaratibu wa kupunguza stima ya kituo hicho wakati wa upungufu."

Weka jina, nambari ya kitambulisho, tarehe. Tunza nakala. Siku 21 zikipita bila jibu, una haki ya kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Saiba yangu itachapisha barua hizo bure, njoo hata na marafiki kumi. Vijana wa Nakuru na Narok, NEMA ikialika maoni kuhusu tathmini ya mazingira, tusiwaachie wazee watano na posho ya nauli. Tujaze ukumbi, na tuwe tumesoma.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akae gizani. Aje, apike kwenye chungu chetu, alipe kuni, na sahani ya kwanza isipite juu ya kichwa cha mwenye nyumba.

Yule msichana alipata mkopo wake. Anasomea uhandisi wa umeme. Akimaliza nataka akute mkataba ambao hatatuona aibu kuusoma.

Tukutane kwenye kikao cha tawi. Njoo na barua yako.